Aleena Msoma Nyuso

Kila siku, akishatoka shule, akaoga na kula, Aleena alivuka barabara kwenda kukaa studio kwa babu yake. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu pale Kilindoni, katikati ya duka la vitenge na kibanda cha fundi simu. Ndani mlikuwa na pazia la buluu ukutani, stuli moja ya mteja, taa mbili kubwa, na kamera ambayo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuigusa. Babu huyo, Mzee Hussainali, alikuwa amewapiga picha watu wa Kisiwa cha Mafia kwa miaka arobaini na mitatu. Waliotaka vitambulisho, waliotaka leseni, waliojaza fomu za shule, wote walipitia kwenye stuli ile.

"Vua kofia. Kidevu chini kidogo. Usicheke, hii ya serikali," Babu aliwaambia, na mwanga ukapiga.

Kazi aliyopewa Aleena ilikuwa kukata picha kwa mkasi na kuzitia kwenye bahasha. Kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kuzisoma nyuso. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na aliamini kabisa kwamba akimtazama mtu usoni mara moja tu kupitia miwani yake ameshamjua: akili zake, tabia zake, na kama anaweza kuaminiwa au la.

"Huyu mkali," alisema mteja akishatoka. "Huyu mpole, lakini mvivu. Na huyu usimwamini, angalia macho yalivyokaribiana."

Shabiki wake wa kwanza alikuwa Brightness, rafiki yake wa dawati moja, ambaye mama yake ni muuguzi aliyehamishiwa kisiwani kutoka Bukoba. Siku moja Aleena alisema mteja fulani lazima ni mwalimu, na kweli mtu yule akatoa kalamu tatu mfukoni na kuuliza njia ya kwenda ofisi ya elimu. Brightness aliisimulia habari hiyo shule nzima. Siku ambazo Aleena alikosea hakuna aliyezisimulia, na yeye mwenyewe alizisahau kabla hajamaliza kukata picha.

Basi mwezi wa kumi na moja, Mwalimu Obed, mwalimu wao wa sayansi, aliingia darasani na karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alishindwa kuificha furaha yake.

"Kutakuwa na mashindano ya chemsha bongo," alisema. "Shule nne. Maswali yote yatahusu bahari yetu na viumbe wake. Kila shule itatoa watoto watatu na mmoja wa akiba. Timu itakayoshinda itapelekwa kwa boti kuwaona papa potwe."

Darasa lililipuka kwa kelele. Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, na kila mwaka miezi hiyo huja kula karibu kabisa na Kilindoni. Wageni hupanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kumtazama. Aleena alizaliwa na kukulia hatua chache tu kutoka ufukweni, lakini hakuwahi kumwona hata mkia. Wazazi wake walikuwa Dar es Salaam kwenye biashara zao, na Babu alikuwa mtu wa kuchafukwa na moyo hata boti ikiwa bado imefungwa kamba gatini. Kila alipomwomba, Babu alijishika tumbo. Sasa nafasi ilikuwa imekuja yenyewe, na Aleena aliitaka mpaka akahisi masikio yanamwaka moto.

Mwalimu Obed alimteua Aleena kuwa nahodha wa timu kwa sababu alama zake za sayansi zilikuwa za juu, na Brightness akawa wa pili. Ilibaki nafasi ya mtu wa tatu. Kwa bahati mbaya Jumamosi ya mashindano kulikuwa pia na mechi ya fainali ya mpira, kwa hiyo mikono iliyonyooka ilikuwa miwili tu. Mmoja ulikuwa wa Sadick na mwingine wa Mfaume.

"Hawa wote wamehamia muhula huu," alisema Mwalimu Obed. "Sina alama zao. Aleena, wewe ndiye nahodha. Nani unamtaka?"

Aleena aliwatazama. Sadick, aliyetoka Kilwa, alikuwa na paji pana la uso, macho ya kung'aa, na mdomo ambao pembe zake zilipinda juu hata alipokuwa kimya. Ukimwona ulidhani ana jibu la swali ambalo hujaliuliza bado. Mfaume alitoka Kisiwa cha Bwejuu na aliishi kwa shangazi yake ili apate kusoma. Kope zake zilikuwa nzito, na ya jicho la kushoto ilishuka ikafunika nusu ya jicho. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kama mtu aliyeambiwa asizungumze.

"Mwalimu, sina hata haja ya kufikiri," alisema Aleena. "Sadick."

"Na Mfaume je?"

"Mfaume aende akalale kwanza, mwalimu. Mtazame!"

Darasa zima liliangua kicheko. Mfaume peke yake hakucheka. Alishusha mkono wake taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha kuvunjika.

Mwalimu Obed alinyamazisha darasa kwa rula juu ya meza. "Aleena, umewauliza hata swali moja?"

"Uso unatosha, mwalimu."

"Unatosha?" Mwalimu aliweka rula chini. "Haya. Mfaume, wewe utakuwa wa akiba?"

"Mimi basi, mwalimu," alijibu Mfaume, akafungua daftari lake na kuinamisha kichwa.

Mwalimu Obed aliandika jina la Sadick kwenye karatasi. Aleena aliona kwamba ameliandika kwa penseli. "Majina nitayapeleka Alhamisi ya wiki ijayo, siku mbili kabla ya mashindano," alisema mwalimu. "Mpaka siku hiyo kifutio changu kipo."

Mazoezi yalianza jioni ileile studio, mbele ya pazia la buluu. Sadick alikuwa mtu wa raha tele. Alimwamkia Mzee Hussainali kwa heshima zote, alikuwa na vichekesho visivyoisha, na Aleena alipoeleza jambo alitikisa kichwa na kusema, "Naam, ndivyo hasa." Aleena alifurahi sana. Kwa macho yake, ile "ndivyo hasa" ilikuwa ya mtu aliyelijua jambo hilo tangu utotoni.

"Kasa hutaga mayai mangapi kwa mara moja?" Brightness aliuliza, kitabu kikiwa magotini.

Sadick alitulia. Akatazama juu kidogo, akatabasamu. "Mawili," alisema.

Aleena akaandika: mawili.

"Aleena!" Brightness alishangaa. "Mawili? Hata kuku wetu anamshinda!"

"Lakini umeona alivyolisema?"

"Nimeona. Kitabu kinasema yanapita mia moja."

Aleena alikitazama kitabu, kisha akamtazama Sadick na lile paji lake pana. "Labda kitabu ni cha zamani," alisema.

Nyuma ya kamera, Babu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Siku zilikwenda hivyo. Ilipofika Jumatano, siku moja kabla ya majina kupelekwa, Sadick alikuja studio mapema, peke yake. Aleena alikuwa anakata picha, na Babu alikuwa anafuta vumbi kwenye taa. Sadick alikaa juu ya stuli ya wateja bila kusema kichekesho hata kimoja.

"Aleena, nitoe," alisema.

"Nikutoe wapi?"

"Kwenye timu. Mimi sijui kitu."

Aleena alicheka. "Unajidharau tu. Wewe?"

"Ndiyo hivyo! Unaona? Kila mtu ananiambia hivyohivyo. Kule Kilwa nilichaguliwa kiongozi wa darasa siku ya kwanza, sijafungua hata mdomo. Mwalimu wa hesabu akiniuliza nikanyamaza, anasema, naona jibu unalo, umelificha. Nami naona haya kumwambia sina. Mpaka leo sijui kugawanya namba kubwa, kwa sababu kila mtu anadhani najua. Siku ile niliposema mawili nilikuwa nabahatisha, nawe ukaandika! Jumamosi nitaaibika mbele ya watu wote, na nyinyi mtakosa boti kwa ajili yangu."

Machozi yalimtiririka mashavuni, lakini pembe za mdomo wake zilikuwa bado zimepinda juu vilevile. Aleena alishindwa kujua amfanyie nini.

"Hata nikilia watu wanadhani nacheka," alisema Sadick, akajifuta kwa mkono wa shati. "Mchukue Mfaume. Tunasoma naye chuo kimoja cha Kurani. Mjomba wake ni mlinzi wa viota vya kasa kule kisiwa cha Juani, na likizo zote Mfaume huwa naye. Mambo ya bahari anayajua kama jina lake."

"Mfaume yule?" Aleena aliweka mkasi chini. "Hawezi, Sadick. Uso wake wote umelala!"

Hapo Babu aliacha kufuta taa. Alivuta kutoka chini ya meza boksi la viatu lililojaa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akachambua taratibu, na kuzipanga sita juu ya meza.

"Njoo hapa, msoma nyuso," alisema. "Nataka kwenda kuswali, na studio imebaki wazi. Katika hawa, nionyeshe mmoja wa kumwachia funguo. Kisha nionyeshe mmoja mkali, asiye na huruma. Halafu nionyeshe mmoja ambaye nisimwachie hata mkasi. Usiseme. Ninong'oneze."

Aleena hakuchukua hata dakika moja. Alinong'ona sikioni mwa Babu, akielekeza kidole. Kisha Babu akamwita Sadick naye anong'one upande wa pili. Babu akatikisa kichwa.

"Mmechagua watu walewale watatu," alisema.

"Si nilikwambia, Babu!" Aleena alirukaruka. "Nyuso zinasomeka!"

"Subiri kwanza. Nimeshawauliza watu wengi kuhusu picha hizi, na karibu wote hunijibu kama nyinyi. Ndiyo maana kila mmoja anajiona amepatia." Babu aliinua picha ya kwanza, ya mwanaume mwenye uso laini na macho ya upole. "Huyu wa kumwachia funguo. Alikuja kuniazima viti vinane vya harusi. Nikamtazama usoni, nikampa. Harusi ile imeshazaa watoto watatu, viti sijaviona mpaka leo."

Sadick aliziba mdomo kwa viganja.

"Huyu asiye na huruma," Babu aliendelea, akiinua picha ya mwanamke aliyekunja ndita, "ni mama mmoja wa Kiegeani. Analea watoto watano ambao hakuwazaa yeye, na kila Idi ananiletea mkate wa kumimina. Siku ile taa ilikuwa inamuumiza macho, basi."

Furaha ya Aleena ilianza kupungua. "Lakini huyo wa tatu, Babu, huyo huwezi kunidanganya. Huyo jambazi kabisa. Ukikutana naye njiani unavuka barabara."

"Mtazame vizuri."

"Nimemtazama. Macho makavu, taya limekaza. Huyo ameiba mbuzi wa mtu."

Babu aliigeuza picha. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya wino uliofifia: *Hussainali, siku ya kwanza ya kujaribu kamera.*

Mabega ya Babu yakaanza kutikisika, na wote watatu wakacheka mpaka fundi simu wa jirani akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Aleena alicheka huku uso unamwaka kwa aibu. Alimtazama jambazi yule wa kwenye picha, akamtazama babu yake aliyemlea, na hakuelewa imekuwaje asimtambue.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema Babu akijifuta macho. "Jino lilikuwa linaniuma na tangu asubuhi sikuwa nimekula. Mjukuu wangu, miaka yote hii nimetazama nyuso za watu, na nimejifunza kwamba sijui kuzisoma. Wewe ukipatia unapiga makofi. Ukikosea unasema, aa, leo mtu huyo hakuwa mwenyewe. Kwa mtindo huo nani atakosea?"

Aleena aliwaza juu ya mkono wa Mfaume ulivyoshuka taratibu, na kicheko chote kikamwisha. "Nimemwonea Mfaume, Babu," alisema.

"Basi kwao unakujua?" Babu aliuliza. "Jua bado halijazama."

Mfaume alikuwa uani kwa shangazi yake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Aleena alimwamkia shangazi, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," kisha akaingia jikoni kuwaachia nafasi. Aleena alisimama mbele ya sinia la nazi.

"Mfaume, nimekuja kukuomba radhi. Nilikukosea."

Mfaume aliendelea kukuna. "Uliniambia nikalale mbele ya darasa zima," alisema bila kuinua kichwa. "Radhi unakuja kuniomba mbele ya nazi."

Maneno hayo yalimchoma Aleena, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

"Hili jicho nimezaliwa nalo," Mfaume aliendelea. "Daktari alisema kope yake ina msuli dhaifu. Naona vizuri tu. Usiku nalala kama watu wengine, na mchana niko macho kama wewe. Nawe, ukitaka kujua, siku ya kwanza nilipokuona nilisema yule msichana anaringa. Kidevu juu saa zote."

"Mimi? Siringi!" Aleena alishtuka. "Ni miwani hii! Inateleza puani, nisipoinua kidevu inaanguka!"

Mfaume aliinua kichwa. Aliitazama miwani, na kweli wakati huohuo ikateleza, na kidevu cha Aleena kikapanda juu chenyewe. Mfaume hakucheka, lakini alisimamisha mkono wake juu ya mbuzi.

"Kumbe," alisema.

"Kesho asubuhi," alisema Aleena, "nitasema mbele ya darasa zima."

Usiku ule Aleena alilala vibaya. Kusema kosa lako mbele ya watoto hamsini na wawili si jambo dogo, hasa ukiwa wewe ndiye uliyewachekesha. Lakini asubuhi, Mwalimu Obed alipoingia, alinyoosha mkono na kusimama kabla woga haujamrudisha chini.

"Wiki iliyopita nilimwambia Mfaume akalale," alisema. "Mlicheka kwa sababu yangu. Nilimhukumu kwa uso wake, sikumuuliza hata swali moja. Jana nimeonyeshwa picha ya babu yangu mwenyewe nikasema ni mwizi wa mbuzi. Kwa hiyo mimi sijui kusoma uso wa mtu yeyote. Mfaume, nisamehe. Na kama utakubali, tunakuomba uingie kwenye timu."

Darasa lilicheka alipofika kwa mwizi wa mbuzi, lakini safari hii Aleena ndiye aliyechekwa, na akavumilia. Mfaume alisimama.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sijakubali kuingia. Kwanza nauliza mimi. Mayai ya kasa hukaa mchangani siku ngapi kabla ya kuanguliwa?"

"Hamsini mpaka sitini," alijibu Aleena haraka.

"Mikoko ina faida gani kwa samaki?"

"Samaki wadogo hujificha kwenye mizizi yake wakikua."

"Ngisi ana mioyo mingapi?"

"Sijui."

"Mitatu," alisema Mfaume, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie shuleni, meno yake yakaonekana. "Umepata mawili kati ya matatu. Unafaa. Naingia."

Mwalimu Obed alitoa kifutio mfukoni. Jina la Mfaume likaingia kwenye timu, na Sadick akawa wa akiba. Wakati wengine wanapiga makofi, Sadick alikwenda mpaka mezani kwa mwalimu na kusema kwa sauti ambayo darasa lote liliisikia, "Mwalimu, na mimi sijui kugawanya. Si kwamba nimelificha jibu. Sijui kweli." Mwalimu alimtazama kwa mshangao, kisha akamshika bega na kumwambia waanze leo saa ya mapumziko.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kuna mvulana wa timu nyingine aliyemnyooshea Mfaume kidole na kuwaambia wenzake kwamba hawa wamemleta msinzia. Aleena alihisi damu inampanda, kwa sababu alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe kinywani mwa mtu mwingine. Mfaume alimvuta mkono. "Mwache," alisema. "Ataamka mwenyewe."

Na kweli aliamka. Swali baada ya swali, Mfaume alijibu kwa sauti ileile ya utulivu. Brightness alijibu ya matumbawe, Aleena akajibu ya majani ya bahari. Nyuma yao Sadick aliwaongoza washangiliaji kwa nyimbo alizozitunga papo hapo, na hata mashabiki wa shule nyingine wakajikuta wanaitikia. Zikabaki timu mbili zenye alama sawa, na swali moja.

"Wataalamu wanawatambuaje papa potwe," aliuliza msimamizi, "wakajua kwamba huyu ni yuleyule wa mwaka jana na si mwingine?"

Mkono wa Aleena ulikuwa wa kwanza kufika kwenye kengele, na kengele ikalia. Jibu lilikuwa limeshamjaa mdomoni: kwa uso. Angelisema bila shaka yoyote. Lakini akajiuliza, hili nalijua, au naliona tu kama kweli? Hakulijua. Sekunde zilikuwa zinakwenda, na boti yake ilikuwa inakwenda nazo.

"Nahodha anampa Mfaume," alisema.

Mfaume alisimama. "Kwa madoa," alisema. "Wanapiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua anayopumulia. Madoa ya mmoja hayafanani na ya mwingine. Uso hawautazami, kwa sababu kwa uso wote ni kama mmoja."

Msimamizi aliitazama karatasi yake na kuinua mkono juu. Brightness alipiga kigelegele ambacho mama yake alisema baadaye alikisikia mpaka hospitalini. Sadick aliruka jukwaani, akamkumbatia Mfaume, akamkumbatia Aleena, akamkumbatia na msimamizi.

Wiki iliyofuata, asubuhi na mapema, watoto wanne na Mwalimu Obed walipanda boti. Babu aliwasindikiza mpaka mchangani tu, akiwa ameipa bahari mgongo kwa usalama wa tumbo lake. Mbele ya boti alisimama baharia mmoja aitwaye Shaabani, mwanaume mpana, aliyekunja uso mpaka nyusi zikakutana. Tangu waondoke hakuwa amesema neno.

"Huyu hatatuacha hata tusimame," Brightness alinong'ona. "Mwone alivyo mkali."

Aleena aliinua kidevu kuirudisha miwani yake. "Sijui kama ni mkali," alisema. "Ngoja nikamuulize."

Akaenda mpaka mbele, ameshika ukingo kwa mikono miwili. "Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Umekasirika?"

"Mimi?" Shaabani alimgeukia, na uso wote ukafunguka. "Nikasirike na nini siku nzuri kama hii? Nakunja uso kwa jua, natafuta pezi. Simama hapa mbele yangu unisaidie, macho manne ni bora. Na wewe na hiyo miwani yako unayo manne peke yako."

Wakatazama pamoja, wamekunja uso wote wawili. Aleena ndiye aliyeliona kwanza: pezi la kijivu, limesimama juu ya maji, halina haraka. Alipiga ukelele mpaka Mwalimu Obed akadondosha kofia. Baada ya dakika chache watoto wote walikuwa majini na majaketi ya kuokolea, miwani ya kuogelea usoni. Chini yao samaki yule alipita, mrefu kama lori, mgongo umejaa madoa meupe, mdomo wazi mpana kama mlango. Kwa mdomo ule ungedhani anakuja kummeza mtu mzima. Lakini alikuwa anachuja vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, akapita pembeni mwa Aleena kwa upole bila kumgusa. Aleena alisahau kupumua. Alipoinua kichwa juu ya maji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujali uso wake ulionekanaje.

Walipokaa kwenye boti wamejifunga mataulo, Mwalimu Obed aliwagawia maandazi.

"Sikilizeni, watoto wangu," alisema. "Uso una kazi yake. Utakuambia mtu anaumwa, au amefurahi kukuona. Lakini kama mtu ana akili, kama ni mwaminifu, kama ana huruma, hayo uso hauyajui. Ukitaka kuyajua, muulize mwenyewe, fanya naye kazi, mpe muda. Hata mimi nilimtazama Sadick muhula mzima nisijue anahitaji msaada. Na siku ukimhukumu mtu kimakosa, fanya kama alivyofanya Aleena. Rudi palepale ulipomfedhehesha, mbele ya watu walewale, umtake radhi."

Mfaume alikata andazi lake vipande viwili, akampa Aleena kimoja. Aleena alikuwa anatafuta neno zuri la kumwambia mwalimu, na neno lenyewe lilikuwa karibu kuja, lakini Shaabani akapaza sauti kutoka mbele kwamba kuna mwingine, mkubwa zaidi, na hakuna aliyengoja. Wote wanne walitupa mataulo na kuruka tena majini, andazi bado mdomoni.